Tusafiri kwa Mwendo wa Wadogo na Wazee

Somo: Mwanzo 33:12-17

Likizo inakaribia, na nyumba nyingi zimeanza kupanga safari. Wengine watavuka mpaka kwenda Uganda au Tanzania; wengine wamealikwa na watoto wao walio Uingereza au Marekani. Kwa hiyo leo tumeona vema tuzungumze juu ya safari ya kwenda nchi nyingine, hasa pale ambapo katika msafara kuna mtoto mdogo na mzee.

Katika somo letu twamwona Yakobo akirudi kwao baada ya kukaa miaka 20 katika nyumba ya Labani. Ndugu yake Esau amekuja kumlaki pamoja na watu 400. Wamekumbatiana, wamelia pamoja. Sasa Esau, mtu wa nyikani aliyezoea kuwinda, anamwambia Yakobo waondoke, waende pamoja. Yakobo anakataa kwa upole. Anamweleza Esau kwamba watoto wake ni wachanga bado, tena kundi lina wanyama wanaonyonyesha, na wakiharakishwa kwa siku moja tu, wanyama hao watakufa. Anamsihi atangulie. Yeye atafuata polepole, kwa kadiri ya mwendo wa wanyama walio mbele yake, na kwa mwendo wa watoto.

Wako wasemao kwamba Yakobo alikuwa angali akimwogopa ndugu yake, na kwamba alikuwa akitafuta njia ya kuachana naye. Huenda ni hivyo. Lakini neno alilosema juu ya watoto lilikuwa kweli tupu, na kila mzazi aliyepata kusafiri na watoto analijua. Esau akarudi Seiri siku ile ile, maana alikuwa na watu wazima wenye nguvu. Yakobo akafika Sukothi, akajenga nyumba, akawafanyia wanyama wake vibanda, akapumzika.

Neno tunalotaka mlichukue leo ni hili: mwendo wa safari haupimwi kwa mguu wa mwenye nguvu, hupimwa kwa mguu wa aliye dhaifu. Asiyeweza kulikubali jambo hilo, afadhali asafiri peke yake.

Hata hivyo, kabla ya kuuliza tutakwenda kwa mwendo gani, kuna swali jingine linalotangulia. Ni akina nani watakaokwenda? Swali hilo Farao alimwuliza Musa, katika Kutoka sura ya 10. Musa akamjibu kwamba watakwenda wote, vijana na wazee, wana na binti, pamoja na mifugo yao. Farao hakupendezwa. Alitaka wanaume watu wazima waende, wengine wote wabaki Misri. Na tukisema kweli, hesabu ya Farao ilikuwa na akili ya kibinadamu ndani yake. Wanaume peke yao wangekwenda upesi zaidi, wangekula kidogo zaidi, na wangerudi mapema zaidi. Lakini Musa hakuikubali, kwa sababu ibada ile haikuwa ya wanaume tu. Ilikuwa ya watu wote.

Ndugu wasikilizaji, hesabu ya Farao ingaliko katika nyumba zetu. Sisi wenyewe tuliisikia mwaka 2023. Mama yetu mzazi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 79 na anakaa nasi Nakuru, alikuwa na dada yake mkubwa mjini Jinja, nchini Uganda. Mama Mkubwa huyo aliolewa huko zamani, hata kabla ya sisi kuzaliwa. Walikuwa hawajaonana tangu mwaka 2012. Habari zikatufikia kwamba Mama Mkubwa amepofuka macho, tena hatoki nje ya ua. Mama akasema neno moja tu: "Nataka nimwone dada yangu, na mtoto huyu naye amwone." Mtoto mwenyewe ni kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa na miaka minne.

Jamaa wakaketi kuzungumza. Mmoja wao, mtu mwema kabisa, akasema, "Kasisi, mama magoti yanamsumbua, na mtoto ni mdogo. Waacheni hapa. Ninyi wawili mpande basi la usiku, asubuhi mtakuwa mmevuka. Mtamsalimu mzee, mtarudi kesho yake." Wengi wakaitikia kwa kichwa. Ndipo tukauliza: safari hii ni ya nani? Kama mama anabaki na mtoto anabaki, sisi tutapeleka nini Jinja? Tutapeleka salamu, na salamu zinaweza kwenda kwa simu. Basi tukakata shauri kwamba tutakwenda wote wanne, nasi tutakwenda kwa mwendo wa Yakobo.

Nao mwendo wa Yakobo huanzia nyumbani, katika matayarisho. Wengi hudhani ya kuwa mzee na mtoto huchelewesha safari wakiwa njiani. Mara nyingi kinachowachelewesha ni karatasi. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kuvuka kwenda nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Lakini mtoto wa miaka minne hana kitambulisho. Yeye huhitaji pasipoti yake mwenyewe au hati ya muda ya kusafiria, na ni vema kuchukua cheti chake cha kuzaliwa. Zamani mtoto aliweza kuandikwa ndani ya pasipoti ya mzazi. Siku hizi kila mtu ana yake. Tena kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja tu, au na nyanya yake, iandikwe barua ya ruhusa na mzazi aliyebaki. Mambo hayo yanataka majuma kadhaa, siyo siku ya mwisho.

Iko pia chanjo ya homa ya manjano, na hapa tunaomba msikilize kwa makini, kwa kuwa sheria ya chanjo hii haiwatazami wote sawasawa. Cheti chake huanza kuwa halali siku 10 baada ya sindano. Kwa hiyo anayechanjwa Jumatatu hawezi kuvuka nacho Ijumaa. Mtoto aliye chini ya miezi 9 kwa kawaida hachanjwi. Naye mtu wa miaka 60 au zaidi ambaye hajapata kuchanjwa hata mara moja, asikimbilie sindano kabla daktari hajampima na kuangalia hali yake, maana katika umri huo madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Daktari akiona haifai, huweza kumwandikia hati ya kueleza hivyo.

Mama yetu alikuwa na kadi yake ya safari ya mwaka 2012. Ilikuwa imeandikwa kwamba itakwisha mwaka 2022, na tulimwona akiishika kwa huzuni. Lakini kanuni za afya za kimataifa zilibadilishwa. Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha chanjo hiyo hudumu kwa maisha yote ya aliyechanjwa, hata kama ni cheti cha zamani. Basi wazee wenye kadi za zamani wasizitupe. Kadi ile kuukuu, iliyokunjwa ndani ya Biblia yake, ilimvusha.

Jambo la tatu ni dawa. Mama hutumia dawa za shinikizo la damu kila siku. Tulihesabu vidonge vya siku za safari, tukaongeza vya juma zima, tukaviacha katika pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari. Wala hatukuvitia katika sanduku kubwa linalofungiwa nyuma ya basi, bali katika mkoba wa mkononi. Sanduku likipotea, nguo zitanunuliwa. Dawa ya mzee ikipotea katika nchi usiyoizoea, hiyo ni shida nyingine. Katika mkoba ule ule tulitia chakula cha mtoto, maji safi, na zile pakiti za chumvi na sukari wanazopewa watoto wanaoharisha.

Basi tukaondoka. Kutoka Nakuru hadi Jinja ni kilomita 400 na zaidi kidogo, na mwenye haraka huzimaliza kwa siku moja. Sisi tulizigawanya kwa siku tatu. Siku ya kwanza tulipitia Kericho hadi Kisumu, tukalala kwa ndugu mmoja wa kanisa. Siku ya pili tulifika kwetu Samia, mama akalala katika nyumba yake, akawasalimu majirani. Siku ya tatu, asubuhi na mapema kabla ya jua kali, tulikwenda Busia kuvuka.

Njiani tulijifunza jambo moja la kufurahisha. Katika gari lile, watu wawili waliopatana zaidi walikuwa nyanya na mjukuu. Wote wawili walitaka kula kidogo kidogo na mara kwa mara. Wote wawili walisinzia saa sita. Wote wawili walihitaji kwenda msalani kila baada ya saa mbili. Mtoto alimtajia nyanya rangi za malori, na nyanya akamweleza mtoto majina ya mito. Mungu ameziweka ncha mbili za maisha karibu karibu, na anayemsubiri mmoja amemsubiri na mwingine.

Lakini si kila mtu aliona hivyo. Dereva mmoja, tulipomwomba asimame kidogo mama anyoshe miguu, alinung'unika. Akasema wazee wangekaa nyumbani wakaota jua. Tulitaka kumjibu, mama akatangulia. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mama yako naye akipanda gari la watu, Mungu ampe dereva wa kumshusha." Yule kijana akanyamaza. Akasimamisha gari. Tena, wapendwa, kusimama kule hakukuwa anasa. Mtu akikaa kitini saa nyingi bila kutembea, hasa mzee, damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu, na donge hilo likipanda mapafuni huweza kuua. Safari ikizidi saa nne, mzee asimame, atembee hatua chache, akunje na kukunjua vifundo vya miguu, anywe maji. Wako wazee wanaokataa maji ili wasiwasumbue wenzao kwa kushuka. Tusiwafanye wazazi wetu waone haya kiasi hicho.

Hapa ndipo tunapokumbuka habari ya Waamaleki, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25. Waisraeli walipokuwa njiani kutoka Misri, Amaleki hakuwashambulia mashujaa waliokuwa mbele. Aliwavamia kwa nyuma, akawapiga wale walioachwa nyuma kwa udhaifu na uchovu. Mungu aliuchukia uovu huo sana, akaagiza usisahauliwe. Amaleki wa leo angaliko. Yupo katika kituo cha magari penye msongamano, anatafuta mkoba wa mzee anayetembea polepole, au mtoto aliyeachia mkono wa mama yake. Huwapata walio nyuma.

Kwa hiyo msafara wetu ulikuwa na taratibu. Mmoja wetu alikwenda mbele na mizigo, mmoja nyuma, na mama na mtoto katikati. Katika mfuko wa mtoto tulitia karatasi yenye jina lake na nambari zetu za simu, na mama alikuwa na karatasi kama hiyo. Tulipofika Busia, vijana wa boda boda walitukimbilia. Jina hilo lenyewe lilizaliwa mipakani huko, wenye baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kutoka boda hadi boda. Ni kazi ya halali na imewalisha wengi, lakini mzee wa magoti mabovu na mtoto wa miaka minne kupanda pikipiki moja pamoja na mizigo ni kumjaribu Mungu. Tulitembea, tukapumzika, tukatembea tena.

Mpaka wenyewe una historia yake. Hadi mwaka 1902 sehemu ile ya magharibi ya Kenya ilihesabiwa kuwa Uganda. Ulipohamishwa mstari, Wasamia wakajikuta wako pande mbili, ndugu huku na ndugu huku. Mama aliisimulia habari hiyo kama alivyoisikia kwa baba yake. Akasimulia pia miaka ya Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, ambapo kumtembelea dada yake kulikuwa jambo la kuogofya, na jinsi ile Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivyovunjika mwaka 1977. Siku hizi Busia, tangu mwaka 2018, kuna kituo cha pamoja. Anayetoka Kenya huhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda, katika jengo moja. Kwa kijana hilo ni kuokoa nusu saa. Kwa mama ilikuwa foleni moja badala ya mbili, na kwa magoti yake hiyo ni neema kubwa.

Dirishani aliambiwa aweke vidole juu ya mashine. Akaweka, mashine isivisome. Akafuta kwa kitambaa, akaweka tena, isivisome. Wazee wengi huwa hivyo, maana ngozi ya vidole huchakaa kwa kazi. Ofisa yule, binti mdogo, akatoka nyuma ya dirisha, akamshika mama mkono, akaugeuza, akautazama. Akamwuliza, "Mama, umelima miaka mingapi?" Mama akasema, "Tangu nilipokuwa kama huyu," akamwonyesha mjukuu. Wakajaribu vidole vingine, taratibu, mpaka ikakubali. Sisi tulimshukuru Mungu kwa ajili ya binti yule. Nyuma yetu palikuwa na foleni, naye hakumharakisha mzee.

Wako kati yenu ambao safari yao itakuwa ya ndege. Nanyi tunawaambia neno. Mnakumbuka kwamba Yakobo alipokuwa na miaka 130 alishuka Misri, na kwamba Farao wa siku za Yusufu alituma magari ya kumchukua yeye na watoto wadogo. Mzee yule hakuona haya kupanda gari. Vivyo hivyo mzee wako asione haya kukalishwa katika kiti cha magurudumu kwenye uwanja wa ndege. Njia za ndani ni ndefu. Lakini kiti hicho huombwa mapema kwa shirika la ndege, angalau siku mbili kabla. Ndani ya ndege kubwa hewa huwa kama ya mtu aliye juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu amwone daktari kwanza. Ndege inaposhuka masikio ya mtoto huuma, naye hulia. Anyonye au ameze kitu, yatafunguka. Vitu vya majimaji katika mkoba wa mkononi visizidi mililita 100 kila chupa mahali pengi, lakini dawa na maziwa ya mtoto mchanga huruhusiwa zaidi ya hapo, mradi uvionyeshe. Na mzee anayetumia dawa kwa saa maalumu, kama ya kisukari, amwulize daktari jinsi ya kuzipanga, kwa maana London iko nyuma ya Nairobi kwa saa mbili au tatu kufuatana na majira.

Turudi Jinja. Kule matatu huitwa taksi, na mojawapo ilitushusha mchana. Tulimkuta Mama Mkubwa ameketi kwenye mkeka kivulini. Mama hakusema jina lake. Aliketi chini kwa shida, akaushika mkono wa dada yake. Mama Mkubwa akaupapasa mkono ule, akapanda hadi begani, akaita jina ambalo sisi hatujapata kulisikia, jina la utotoni. Kisha akauliza, "Na huyu anayepumua hapa ni nani?" Mtoto wetu, ambaye huwaogopa wageni, akasogea mwenyewe. Mama Mkubwa akaweka viganja viwili juu ya uso wake, akaugusa polepole, paji, pua, kidevu. Akasema, "Huyu ni baba yetu tena." Tulikaa siku nne. Wale wazee wawili walizungumza hata usiku, na asubuhi wakaendelea walipoachia.

Miezi saba baadaye Mama Mkubwa alilala katika Bwana. Simu ilipokuja, sisi tulianza kutafuta kadi na hati, tukidhani mama atataka kwenda kuzika. Mama akatikisa kichwa. Akasema, "Ninyi nendeni. Mimi nimekwisha kumwona." Hatukumsihi zaidi. Katika 2 Samweli sura ya 19 yuko mzee mmoja, Barzilai Mgileadi, mtu wa miaka 80. Mfalme Daudi alitaka kwenda naye Yerusalemu akamtunze, kwa kuwa alimsaidia siku za taabu. Barzilai alimsindikiza mfalme hadi Yordani, akaomba aachwe arudi, afe katika mji wake, karibu na kaburi la wazazi wake. Akamtoa kijana Kimhamu aende badala yake. Daudi hakukasirika. Alimbusu, akambariki, akamwacha arudi.

Basi, wapendwa, mwendo wa mzee una pande mbili. Asipotaka kubaki, tusimwache kwa sababu anatuchelewesha. Asipotaka kwenda, tusimbebe kwa nguvu ili majirani waone tunavyompenda. Wako wazee wanaoitwa ng'ambo kulea wajukuu katika baridi kali, mbali na kanisa lao na lugha yao, nao hawakuulizwa. Mwulize. Kisha nyamaza, usikilize jibu lake lote.

Lakini neno hili halikomei katika safari za pasipoti. Kanisa nalo ni msafara, tena ni msafara wenye wachanga na wazee. Mchungaji akikazana na wenye nguvu tu, wale wa kwaya na wa kamati, atafika mapema, lakini atafika na nani? Nyumbani nako ni hivyo. Mtoto anayejifunza kusoma polepole, baba aliyeanza kusahau majina, mjane asiyeelewa simu mpya ya kutuma pesa, hao ndio walio nyuma, na Amaleki anawajua. Wewe uliye mbele, geuka utazame. Ukiwaona mbali, punguza mwendo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Nasi twaongeza kwamba anayekwenda pole na wengine, hafiki peke yake.

Nenda leo ukamwulize mzee wako kama kuna mtu anayetamani kumwona kabla ya siku zake kwisha. Usingoje mpaka kuwe na msiba. Anza kutafuta karatasi, hesabu dawa, pima magoti yake na miguu ya mtoto, kisha upange siku za safari kwa kadiri ya hayo.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliyewaongoza baba zetu jangwani, hukuwaacha waliochoka. Twawaweka mikononi mwako wote watakaosafiri likizo hii, kwa barabara na kwa ndege, na hasa watoto wachanga na wazee. Walinde mipakani na vituoni. Wape madereva subira, na maofisa moyo wa upole. Wakumbuke ndugu waliotengwa na mipaka, ukawakutanishe wangali hai. Nasi tulio na nguvu, utufundishe kuwangoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.